Mlango wa Mahakama Ubishwe Mara Ngapi?

Wahenga walinena kwamba hakuna marefu yasiyo na ncha. Kesi nazo, hata ziwe ndefu kiasi gani, hazina budi kufika kikomo. Pande mbili zikiisha kusikizwa, hakimu akiisha kutoa hukumu na rufaa ikiisha kuamuliwa, kila mmoja hutarajiwa kushika njia yake akaendelee na shughuli zake. Mahakama isiyojua kufunga faili haiwezi kuitwa mahakama. Ni baraza la soga. Kanuni hiyo ni ya haki, na hapana mtu mwenye akili timamu atakayeipinga kwa jumla.

Hata hivyo, yapo mashauri ya aina moja ambayo kanuni hiyo haiyatoshi vizuri. Ni mashauri ya watu waombao hifadhi. Mtu amevuka mpaka akikimbia vita au mateso, ameomba atambuliwe kuwa mkimbizi, amekataliwa, amekata rufaa na kukataliwa tena. Kisha baada ya mwaka mmoja au miwili anarudi mlangoni, akidai kwamba ana jambo jipya la kusema. Je, afunguliwe, au aambiwe kwamba neno limekwisha? Na je, mahakama iweke mpaka gani kati ya mtu mwenye haki na mtu anayevuta wakati tu?

Swali hili si la mawakili peke yao. Kenya ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000 kufikia mwisho wa 2024, na zaidi ya 100,000 miongoni mwao waliandikishwa Nairobi na katika miji mingine nje ya kambi. Baadhi ya watoto wao hukaa dawati moja na wanafunzi wanaosoma safu hii, na baadhi ya walimu wanaoisoma huwafundisha. Kwa hiyo yafaa tulichambue jambo lenyewe kwa utulivu, tukianza na sheria, ndipo tutoe maoni.

Safari ya mwomba hifadhi jijini Nairobi ni safari ya ofisi nyingi. Yamkini yeye huishi Kawangware au Kangemi, ambako kodi ya chumba ni nafuu kuliko katika mitaa jirani ya Lavington na Westlands. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi, yaani UNHCR, lina ofisi zake Westlands. Mashirika yanayowapatia maskini na wakimbizi mawakili bila malipo, kama vile Kituo cha Sheria kilichoanzishwa mwaka wa 1973 na Refugee Consortium of Kenya lililoanzishwa 1998, yana makao Kilimani. Akitaka kupinga uamuzi wa mkubwa wa serikali mbele ya jaji, sharti aende Milimani, kando ya Ngong Road, ambako zimo divisheni za Mahakama Kuu zinazosikiliza kesi za katiba na za mapitio. Na shauri likifika kilele chake, huteremka hadi katikati ya jiji, City Hall Way, iliko Mahakama ya Juu. Masafa kati ya Kawangware na City Hall Way ni mafupi kwa matatu. Kwa faili la mkimbizi, masafa hayo hayo huweza kuchukua miaka.

Kenya ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mnamo mwaka wa 1966, ikaikubali Itifaki ya 1967 mnamo 1981, na ikaidhinisha Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 mnamo 1992. Hata hivyo kwa muda wa miaka arobaini tangu 1966, nchi haikuwa na sheria yake yenyewe juu ya wakimbizi. Hadi mwanzo wa miaka ya tisini, kamati ya serikali ndiyo iliyokuwa ikipima maombi. Wasomali, Waethiopia na Wasudani walipomiminika kwa malaki mnamo 1991 na 1992, kazi hiyo ikaachiwa UNHCR. Sheria ya Wakimbizi ilipitishwa mwaka wa 2006, na ikafuatwa na Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022.

Sheria hizo mbili zimejenga ngazi moja. Kwanza Kamishna wa wakimbizi hupokea ombi na kuliamua. Aliyekataliwa hupewa siku 30 za kukata rufaa mbele ya chombo maalumu, ambacho sheria ya 2006 ilikiita bodi na ile ya 2021 ikakiita kamati. Akishindwa hapo, anaweza kwenda Mahakama Kuu. Kwa hivyo mtu hupewa nafasi tatu za kusikizwa. Anayesema kwamba hizo ni chache atatakiwa aeleze zingekuwa ngapi.

Hapa mwanafunzi apambanue mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara: rufaa na mapitio ya mahakama. Katika rufaa, jaji huuliza kama uamuzi ulikuwa sahihi. Katika mapitio, kwa desturi ya zamani tuliyoirithi kutoka Uingereza, jaji hauulizi uamuzi wenyewe. Huuliza kama aliyeamua alikuwa na mamlaka, kama alimpa mhusika nafasi ya kujieleza, na kama aliifuata sheria. Afisa anaweza kukosea katika kupima ushahidi na bado akapona katika mapitio, maadamu alifuata utaratibu.

Katiba ya 2010 iliupanua uwanja huo. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya kutendewa na serikali kwa njia ya haraka, ya halali na ya haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale anapodhurika. Angalia kwamba neno lililotumika ni kila mtu. Halikuandikwa kila raia. Bunge lilitunga sheria ya kutekeleza kifungu hicho mwaka wa 2015. Na mnamo Juni 2023, Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dande dhidi ya Inspekta Jenerali wa Polisi, ilieleza kwamba sasa zipo njia mbili: anayekuja kwa utaratibu wa zamani atapimiwa utaratibu peke yake, bali anayekuja kwa kudai haki yake ya kikatiba, mahakama haina budi kuchungua pia kiini cha uamuzi anaoupinga. Mtu anayepoteza kesi kwa kuchagua njia isiyofaa hana wa kumlaumu ila wakili wake, kama anaye.

Baada ya kuupanua mlango, sheria imeweka pia nyua za kuwazuia wanaoingia ovyo. Ua wa kwanza ni kwamba mtu amalize kwanza ngazi za chini. Mahakama ya Rufaa ililisema hilo waziwazi mwaka wa 1992 katika kesi ya Spika wa Bunge dhidi ya James Njenga Karume, na sheria ya 2015 ikalirudia katika kifungu cha 9, ingawa inamruhusu jaji kumsamehe mtu sharti hilo katika hali za kipekee. Ua wa pili ni muda. Katika utaratibu wa zamani, anayetaka uamuzi ubatanguliwe hupewa miezi 6, na sheria ya 2015 inamtaka mtu aje bila kuchelewa pasipo sababu. Ua wa tatu ni ruhusa: katika utaratibu huo wa zamani, jaji hulitazama ombi kwanza aone kama lina mashiko, ndipo aruhusu kesi ifunguliwe.

Ua wa nne ndio mrefu kuliko yote. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinakataza mahakama kulisikiliza shauri lililokwisha kuamuliwa baina ya watu wale wale, juu ya jambo lile lile, na mahakama yenye mamlaka. Kwa miaka mingi mawakili walibishana kama katazo hilo linazihusu kesi za haki za kikatiba. Mnamo Agosti 2021 Mahakama ya Juu ilikata mzizi wa fitina katika kesi ya kampuni ya John Florence Maritime Services: linazihusu. Lakini majaji waliacha upenyo mdogo. Ikiwa kuufunga mlango kutaleta dhuluma kubwa, na dhuluma hiyo ikaonyeshwa kwa ushahidi ulio wazi, mahakama inaweza kusikiliza, nayo ifanye hivyo kwa nadra sana. Zaidi ya nyua hizo, iko sheria inayomwezesha Mwanasheria Mkuu kuiomba Mahakama Kuu imtangaze mtu kuwa na mazoea ya kushtaki bure, naye tangu siku hiyo asifungue kesi bila idhini.

Sina ugomvi na nyua hizi. Mahakama zetu zimelemewa na mrundiko wa kesi, na kila saa anayopoteza jaji kusikiliza hadithi aliyokwisha kuisikia ni saa aliyonyimwa mjane anayegombea shamba au mahabusu anayengojea dhamana. Mtu aliyedanganya katika ombi la kwanza, akabuni uongo mwingine katika la pili, huwaharibia wenzake wenye shida za kweli, kwa kuwa maafisa waliochoshwa na uongo huanza kumshuku kila aketiye mbele yao. Wanaotetea wakimbizi wasiogope kulikiri hili.

Hata hivyo, ombi la hifadhi linatofautiana na kesi ya shamba kwa mambo mawili makubwa.

La kwanza ni kwamba kesi ya shamba hutazama nyuma, nalo ombi la hifadhi hutazama mbele. Anayeamua nani mwenye shamba huuliza nini kilitokea: nani alinunua, lini, na kwa hati ipi. Mambo hayo yamekwisha kutendeka na hayabadiliki. Bali anayeamua ombi la hifadhi huuliza nini kitampata mtu huyu akirudishwa kwao. Jibu la swali hilo hubadilika pamoja na hali ya nchi. Mtu wa Juba aliyekataliwa mwaka wa 2012, wakati Sudan Kusini ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake mchanga, hakuwa katika hali ile ile baada ya vita kuzuka Desemba 2013. Mrundi aliyeambiwa 2014 kwamba kwao kuna amani alikuwa na jambo jipya la kusema baada ya Aprili 2015. Msudani wa Khartoum aliyekataliwa 2022 asiulizwe maswali ya 2022 leo, baada ya mapigano yaliyoanza Aprili 2023. Na mkazi wa Goma aliyeambiwa kwamba mji wake uko mikononi mwa serikali ya Kongo aliona neno hilo likigeuka Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka. Watu hawa wakirudi mlangoni hawarudii shauri la zamani. Jina ni lile lile, sura ni ile ile, lakini shauri ni jipya.

La pili ni uzito wa kosa. Hakimu akikosea juu ya shamba, shamba halihami, na kosa laweza kurekebishwa hata baada ya miaka kumi. Afisa akikosea juu ya mtu anayekimbia kuuawa, hakuna rufaa itakayomfufua. Ndiyo maana Kifungu cha 33 cha Mkataba wa 1951 kinakataza kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini, na Kifungu cha 16 kinampa haki ya kuzifikia mahakama za nchi alimokimbilia. Kwa mujibu wa Kifungu cha 2 cha Katiba yetu, mikataba ambayo Kenya imeidhinisha ni sehemu ya sheria za nchi.

Kwa hivyo, kipimo kinachofaa ni kimoja, nacho ni chepesi kukieleza ingawa si chepesi kukitumia. Jaji asihesabu ni mara ngapi mtu amebisha. Aulize ameleta nini. Kama analeta maneno yale yale kwa wakili mwingine, afungiwe bila kusitasita. Kama analeta ushahidi ambao hangeweza kuupata mapema, au kama hali ya nchi yake imegeuka, asikizwe. UNHCR yenyewe, katika taratibu inazozitumia inapopima maombi, huruhusu faili lililofungwa lifunguliwe upya kwa sababu za namna hiyo. Mtu anaweza kuwa na haki ya kubisha mara ya tatu, na mwingine asiwe na haki ya kubisha hata mara ya pili.

Wanaolalamika kwamba wakimbizi hurudiarudia kesi wangefaa kutazama pia upande wa pili wa chumba cha mahakama. Tukiisoma historia ya miaka ya karibuni, tutaona kwamba aliyerudia mara nyingi zaidi ni serikali.

Mnamo Desemba 2012 serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa mijini wahamie kambi za Dadaab na Kakuma. Kituo cha Sheria na wakimbizi kadhaa wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 26 Julai 2013 Jaji David Majanja, ambaye sasa ni marehemu, akaibatilisha amri hiyo. Alisema inavunja haki ya mtu kwenda atakako, inavunja utu wake, na haikupitia utaratibu wa haki. Ingetarajiwa kwamba neno limekwisha. Lakini mnamo Machi 2014 amri nyingine ikatolewa ya kuwarudisha wakimbizi kambini, ikifuatwa na msako ambao watu wengi walizuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Wakimbizi wengine wakaenda mahakamani, wakitumaini kwamba hukumu ya 2013 ingewakinga. Jaji yule yule, katika kesi ya Samow Mumin Mohamed, alilitupa ombi lao mnamo Juni 2014. Aliona kwamba shauri la pili halikuwa nakala ya lile la kwanza.

Mwalimu wa sheria angeweza kuzifundisha kesi hizo mbili kwa muhula mzima. Mtu anaweza kukubaliana au kutokubaliana na hukumu ya 2014, lakini mantiki yake ni hii: hali ikigeuka, serikali inaruhusiwa kurudi na jambo ililoshindwa nalo zamani. Sawa. Basi na tuulize: ikiwa serikali inaruhusiwa kusema kwamba hali ya usalama wa Kenya imegeuka kati ya Desemba 2012 na Machi 2014, kwa nini mwomba hifadhi asiruhusiwe kusema kwamba hali ya usalama wa nchi yake imegeuka katika kipindi hicho hicho? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Mambo hayakuishia hapo. Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya usalama iliyoweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchini, wakati ambapo waliokuwapo walikuwa maradufu ya idadi hiyo na zaidi. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walikifuta kipengele hicho, kwa kuwa kukitekeleza kungelazimu watu warudishwe kwenye hatari. Mei 2016 serikali ikatangaza kuivunja Idara ya Masuala ya Wakimbizi na kuifunga kambi ya Dadaab. Tarehe 9 Februari 2017 Jaji John Mativo akaibatilisha amri hiyo, na siku chache baadaye Mahakama ya Rufaa ikaikataa rufaa ambayo Mwanasheria Mkuu alikuwa amekata dhidi ya hukumu ya 2013. Machi 2021 serikali ikalipa UNHCR siku 14 za kutoa mpango wa kuzifunga Dadaab na Kakuma; mwezi uliofuata Mahakama Kuu ikaisimamisha hatua hiyo kwa muda. Makubaliano yaliyofuata yalisema kambi zifungwe kufikia Juni 2022. Hazikufungwa, na mnamo Machi 2025 Rais William Ruto alizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi ziwe miji ambamo wakimbizi na wenyeji wataishi pamoja.

Hesabu amri hizo, ewe msomaji, kisha uamue ni nani aliyeisumbua mahakama. Kanuni ya kwamba shauri lina mwisho ni upanga ukatao kuwili. Ikiwa inamfunga mtu wa Kawangware asiye na nauli, imfunge pia waziri.

Nchi nyingine nazo zinaumizwa kichwa na jambo hili. Nchini Uingereza, Mahakama ya Juu iliamua mwaka wa 2011, katika kesi ya Cart, kwamba mtu aliyenyimwa ruhusa ya kukata rufaa na baraza la juu anaweza kuomba mapitio katika Mahakama Kuu, kwa masharti magumu. Wengi walioitumia njia hiyo walikuwa waomba hifadhi na wageni wengine. Kamati iliyoteuliwa na serikali ya huko iliripoti mwaka wa 2021 kwamba waliofaulu hawakufikia hata robo ya mtu 1 kwa kila 100. Wataalamu wakaichungua hesabu hiyo wakaonyesha kasoro zake, na serikali yenyewe baadaye ikatumia kadirio la watu kama 3 kwa 100. Hata hivyo Bunge likaufunga mlango huo kwa sheria ya 2022, isipokuwa katika hali chache.

Watu 3 kwa 100 ni wachache au ni wengi? Kwa mweka hazina anayehesabu gharama za majaji, ni wachache. Lakini kama katika kila wagonjwa 100 walioambiwa na daktari kwamba ni wazima 3 wangekutwa na ugonjwa wa kuua, hakuna mtu ambaye angependekeza kwamba kipimo cha pili kipigwe marufuku. Angependekeza kipimo cha kwanza kifanywe vizuri zaidi. Na hilo ndilo funzo la Waingereza kwetu: kesi zikirudi kwa wingi, dawa haipatikani mlangoni, hupatikana katika chumba cha kwanza, pale ambapo ombi lilisikizwa mara ya kwanza.

Tena hatari kubwa zaidi katika jiji letu haijawa wingi wa kesi. Imekuwa watu kuondolewa kabla kesi haijasikizwa. Januari 2017 Dong Samuel Luak, wakili na mtetezi wa haki za binadamu, na Aggrey Idri, mwanasiasa wa upinzani, wote wa Sudan Kusini, walitoweka Nairobi, mmoja katikati ya jiji na mwenziwe Kilimani, katika siku mbili zilizofuatana. Mahakama Kuu iliamuru wasiondolewe nchini. Mwaka wa 2019 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilihitimisha kwamba yaelekea sana wawili hao waliuawa nchini mwao tarehe 30 Januari 2017. Oktoba 2024 Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi walichukuliwa hapa Nairobi wakarudishwa Uturuki, na serikali ya Kenya ilikiri kwamba iliwatoa kwa ombi la serikali ya Ankara. Watu wa namna hii hawakuichosha mahakama kwa kubisha mara nyingi. Mikono yao haikuufikia mlango.

Nini kifanywe? Kwanza, usikizaji wa mwanzo uwe wa kweli. Mwombaji apewe mkalimani anayeijua lugha yake sawasawa, na akikataliwa apewe sababu kwa maandishi anayoweza kuyaelewa, kama Kifungu cha 47 kinavyoagiza. Mtu anayejua kwa nini alikataliwa ataweza kuamua kama ana hoja ya rufaa au hana. Asiyejua atabisha kila mlango. Pili, msaada wa wakili utolewe mapema. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaostahili kusaidiwa, lakini sheria isiyotengewa fedha ni karatasi. Wakili mwema humwambia mteja ukweli kwamba hana kesi, na neno hilo moja huiokolea mahakama miezi. Siku 30 za rufaa ni fupi mno kwa mtu ambaye bado anatafuta wa kumsomea barua.

Tatu, ombi la pili liwe na mchujo wa haraka na wa wazi. Afisa au jaji mmoja alisome aone kama kuna jambo jipya. Kama halipo, alikatae kwa ukurasa mmoja wenye sababu. Wakati wa mchujo huo, mwombaji asirudishwe kwao. Nne, mahakama iwe na mkono mzito kwa wakili anayefungua kesi zisizo na msingi ili ajipatie ada, badala ya kumwadhibu mteja ambaye pengine hajui kilichoandikwa kwa jina lake. Tano, amri ya mahakama iheshimiwe siku ile ile inapotolewa, na kila aliyeko kazini kwenye uwanja wa ndege aijue. Hukumu inayomfikia mtu akiwa ndani ya ndege haimsaidii.

Kwa walimu wa historia, uraia na Kiswahili, nadhani hapa pana mjadala mzuri wa darasani. Hoja iwe hii: mahakama iweke idadi ya mara ambazo mtu anaweza kuomba hifadhi. Wanafunzi wa upande wa kuunga mkono watakuwa na mengi ya haki ya kusema, nao wapewe nafasi. Wa upande wa kupinga wasitegemee huruma tupu. Wasome kesi za 2013 na 2014 wazilinganishe. Watagundua kwamba sheria ni kama mizani ya sokoni. Inafaa tu pale ambapo jiwe linalompimia maskini ndilo linalompimia tajiri.

Marefu hayakosi ncha, na kesi za wakimbizi nazo ziwe na ncha yake. Lakini ncha hiyo iwekwe pale ambapo hoja zimekwisha. Isiwekwe pale ambapo subira ya mkubwa imekwisha.